Paka Iliyonifanya Mugeni kwetu Kingi

Mimi nilishindwa na paka. Sisemi ilinikwaruza (ilinikwaruza pia, tutafika pale), nasema ilinishinda maneno, mbele ya watu kumi na ine, ndani ya nyumba ya baba yangu, nikiwa nimevaa koti ya veste na kravati, na kama siku moja mutu wa Kingi atawahadisia hii mambo nikiwa pale, mumuache amalize, ju hata akiongeza chumvi hatafika mahali ilifika yenyewe.

Mimi njo mukubwa kwetu. Baba alipokufa nikabaki mwenye kusema kwa jina ya familia, hata kama siishi pale: niko Walikale, nauzisha mabote na makoti ya mvua kwa watu wanaopanda kuchimba madini Bisie. Kingi kulibaki Mama, na dada yangu mudogo Furaha, na paka. Ile paka mimi njo niliinunua, ingali ndogo, inaingia ndani ya kofia, ju panya walikuwa wanamaliza maharagi ya mbegu, halafu nikarudi Walikale, na kila kitu nilijua juu yake nilikisikia kwa telefone. Mama akinipigia, tunamaliza salamu, tunamaliza habari ya mashamba, anaanza paka: Ministri (njo jina waliipa, ju inakulaka wa kwanza na hakuna mutu ameshaiona ikitumika kazi) amekamata panya tatu, Ministri amekwaruza katekista, Ministri hapendake wageni, mutu asiyejulikana akiingia anapanda juu ya mbao za paa mupaka yule mutu aende. Na mimi najibu ndiyo Mama, ndiyo, huku napanga mabote.

Kufika sasa, pale njo kulikuwa shida. Miezi munane sikufika nyumbani. Kila mara Mama akiuliza, namuambia njia imefungwa kutoka Kashebere mupaka Masisi, na kweli ilifungwa, miezi miwili. Ile ingine sita ilikuwa mimi tu.

Furaha akapata muchumba, kijana wa Kashebere, jina Bauma, mwenye moto, ile pikipiki, anayepandisha nayo mafuta ya mawese na samaki wa kukausha mupaka Masisi-centre. Familia yake ikatuma neno kama watakuya siku ya posho, Jumamosi, kwa prezantasio, ile siku ya kwanza ya kuonana, ambayo mahari haijatajwa bado na kila mutu anaonyesha upande wake muzuri. Nikafika jioni ya kuamkia ile siku, nikalala sawa gunia, asubuhi nikavaa.

Wageni wakaingia, wakakaa upande wa dirisha, sisi upande wa ukuta, Mama pembeni, Furaha jikoni na wenzake vile inafaa. Kwao mwenye kusema alikuwa Papa Zakaria, baba mudogo wa kijana, mutu mwembamba anayeongea polepole huku macho yanacheka. Bauma alikaa katikati yao, kichwa chini, na adabu mingi, hata mimi nikamupenda. Lakini nilitaka waone kama hii nyumba iko na mwanaume. Nikasimama, nikafunga kifungo cha veste, nikasema (na nilijisikia mwenyewe, na nilifurahi):

"Wazazi wetu, huyu dada yetu tumemulinda. Hakuna kijana ameshakanyaga hii simenti bila mimi kujua. Na kama iko moja alikanyaga, ule hatamupata Furaha, hata alete ng'ombe zote za Masisi. Hii njo neno yangu, siirudishi nyuma."

Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Nikafikiri anasikia baridi.

Ningekaa pale, yangekwisha. Lakini Papa Zakaria akauliza, kwa muchezo tu: "Sasa Papa, wewe uko Walikale. Huku nani analinda?"

Na paka ilikuwa inatoka jikoni. Kama ingechelewa dakika moja, ao kama ningesema tu kama Mungu njo analinda, vile mukristo yeyote angesema, leo ningekuwa mutu wa heshima. Nikainyoshea kidole.

"Mulinzi wangu ule pale," nikasema. "Ule haendake kwa mutu asiye wa hii nyumba. Muulize katekista. Anaenda kwa watu wa hapa tu, wengine anawakimbia."

Wakacheka, wakageuka wote kuiangalia, ju mimi nimewaambia waiangalie. Ministri ikaingia bila haraka, mukia juu, ikapita mbele ya Papa Zakaria, ikapita mbele ya wamama wawili, ikafika kwa Bauma, ikapanda juu ya magoti yake, ikazunguka mara moja, ikalala. Na yule kijana (naye ni mutu, mukono ulienda peke yake) akaikuna nyuma ya sikio, paka ikaanza kunguruma, na salon yote ikaisikia.

Mutu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema: "Ni samaki. Anabebaka samaki, paka inasikia harufu."

"Inawezekana," Papa Zakaria akajibu. "Tujaribu basi."

Nikaitisha kipande cha samaki jikoni. Nikakiweka mimi mwenyewe, kravati inagusa simenti, mbele ya viatu vya Papa Zakaria. Ministri ikafungua jicho moja. Ikashuka, ikakamata samaki kwa meno, ikaibeba mupaka kwa Bauma, ikaikula pale katikati ya miguu yake, mugongo umemuegemea, sawa mutu yuko kwake. Mama moja wa upande wao alifunika uso na kitenge, mabega yanatikisika.

Nikafikiri: lakini hii paka si niliinunua mimi? Nikainama, nikaita kwa sauti tamu ambayo hata bibi yangu kule Walikale hajaisikia. "Ministri! Kuya kwa Papa, kuya." Ikaniangalia. Nikanyosha mukono. Ikanikwaruza kutoka kidole mupaka kwa kitambaa cha veste, ikapanda juu ya mbao za paa, ikakaa kule inaangalia mimi, mimi peke yangu, inangojea niende.

Hakuna mutu alihitaji kueleza kitu. Mimi nilikuwa nimekwisha kueleza.

Papa Zakaria hakucheka tena. Akachukua kofia yake kwenye goti. "Papa, ile neno ulisema wewe, hapana sisi. Inaonekana mutoto wetu alikanyaga. Basi turudi, tusikukosee heshima?"

Jikoni sahani ikaanguka, na baada yake nikasikia Furaha, hakuwa analia, ilikuwa ile sauti ya mutu anajifunga kinywa na mukono. Nikaelewa kama kwa mudomo wangu mwenyewe nilikuwa nimevunja ndoa ya dada yangu: nikisema kaeni, nakuwa mutu asiye na neno, nikinyamaza, wanapanda moto zao. Nikatoka jasho, na Kingi kuko baridi vile munajua.

Mama njo alisema. Hata hakusimama.

"Kaa, Zakaria. Mimi njo nilimufungulia Bauma mulango." Halafu akanigeukia. "Ile malaria ya wakati wa mvua, Furaha alikupigia, ukasema njia imefungwa. Bauma akanibeba kwa moto mupaka hospitali, akanirudisha, na kila akipita anashuka kuuliza kama nimekula. Miezi sita." Akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri. "Mutoto wangu, yeye anatokaka Kashebere, anapita ile njia ulisema imefungwa."

"Sasa kwa nini hamukuniambia?"

"Ungekuya kupiga kelele, urudi. Njo tukanyamaza. Paka haikuambiwa."

Nilikuwa nimesimama katikati ya salon, damu kwenye kidole. Nikasikia haya, ile ya kweli, si ya paka. Nikasema: "Papa Zakaria, neno yangu siirudishi nyuma. Nilisema hii paka inaendaka kwa watu wa nyumba, inakimbia wageni. Basi mugeni ni mimi, na neno ya mugeni haiwezi kufunga nyumba ya wenyewe. Bauma, wewe njo unajulikana hapa. Naomba unipokee."

Na nikaenda kukaa upande wa dirisha, ju kwa wageni kulikuwa kiti.

Halafu Papa Zakaria akanisogelea, akaweka kofia chini, akaniambia masikioni lakini wote wakasikia: "Karibu. Sisi tumetoka Kashebere, wewe umetoka mbali zaidi." Pale njo nyumba yote ilipasuka kwa kicheko, Mama naye. Furaha akaleta chai, akamupa kila mutu, mimi wa mwisho, bila sukari, na nikainywa yote.

Walioana baada ya mavuno. Mimi tangu ile siku kila mwezi nafika Kingi, njia ikiwa mubaya ao muzuri, na nimeapa sitasema tena kwa jina ya nyumba ambayo sijui hata ndoo ya kunawa inakaaka wapi. Furaha alienda kwa bwana wake, paka akaiachia Mama. Nikiingia, inapandaka juu ya mbao. Mwezi uliopita haikupanda. Ilibaki mulangoni, mbali kidogo, inaniangalia nikikula. Sikuiita.