Chumba Kinachotazama Kwao

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kutoa kopi mjini Migori, katika duka ambalo mwenyewe pia hukodisha vyumba vya likizo kando ya mto. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa akikodi vyumba vya Krismasi yake na wajukuu.

"Chukua vya mbele," mama wa duka alimwambia. "Viko na televisheni. Vya nyuma vinatazama mto tu, na saa hii ni matope."

"Nataka vya nyuma."

Alinyoosha kidole dirishani, ng'ambo ya mto, penye ua mkuukuu wa vichaka vya ojuok na paa la bati lililobonyea katikati.

"Pale ndio kwetu."

"Si ulale kwenu basi, baba?"

"Sikuwahi kujenga. Na ile nyumba ni ya marehemu mama."

Sisi Wajaluo tunajua. Mwana hujenga yake ndani ya boma la baba, na nyumba ya wazazi waliokufa haikarabatiwi wala hailalwi. Huachwa ianguke yenyewe.

Mama wa duka akafungua daftari la wageni. "Niandike umetoka wapi?"

Mzee alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limo humo.

"Andika Nairobi."

Nilikuwa na mazoea ya kuwacheka watu wanaokodi chumba mjini kwao. Zamu yangu ilipofika niliulizwa ni kopi ngapi, nami bado nilikuwa nikitazama lile paa ng'ambo ya mto. Mama yangu yungali hai, nami sijajenga.