Mzee Aliyetuzuia Nyuma ya Trela

Ukitaka kucheka, cheka, lakini haya niliyaona mwenyewe, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu. Wafula, niliyekuwa naye, yuko hai. Muulize.

Mimi ni mpakuaji. Wakati huo nilikuwa natembea kutoka Mathare hadi godauni moja la Industrial Area, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, kushusha mizigo ya malori ya trela. Ilikuwa Julai, ukungu na baridi ya kukata masikio. Lori la Kyalo lilikuwa limeingia kutoka Mombasa na makreti ya vigae. Kyalo mwenyewe alikuwa bado kwenye usukani akitafuta karatasi za mzigo, na nyuma yake malori mawili yalikuwa yanapiga honi.

"Siste, fungua tu," Wafula akaniambia. "Tumechelewa."

Nikashika komeo la mlango wa nyuma. Hapo mkono ukatua juu ya wangu. Mkono wa vidole vinne, bila gumba, na baridi yake, niamini, haikuwa ya Julai. Nikageuka, nikaona mzee mwembamba mwenye koti la kazi lililochakaa. Aliingiaje? Soja wa getini hampitishi mtu bila kumwandika.

"Msichana wangu," akasema polepole, "magurudumu umeyawekea mawe?"

"Bado, mzee."

"Weka. Dereva azime injini. Huu mzigo umetikisika usiku kucha, hujui umeegemea wapi."

Nilitii kama mtoto. Wafula naye, mtu wa kubishana hata na padri, akabeba mawe bila neno, kisha akamwambia Kyalo azime injini. Mzee akatuambia tufunge kamba ndefu kwenye komeo, tuvute tukiwa pembeni kabisa.

Tukavuta. Mlango ukafyatuka kama uliopigwa teke kutoka ndani. Makreti yakaporomoka, vigae vikapasukia palepale nilipokuwa nimesimama. Vumbi lilipotulia tulikuwa wazima wote wawili. Nikageuka nimshukuru mzee. Nimshukuru nani? Saruji ilikuwa na umande. Nyayo zangu zilikuwepo na za Wafula zilikuwepo. Zake hazikuwepo.

Kyalo akaja mbio. Tulipomweleza, hadi kufika kwenye gumba lililokosekana, akaketi chini juu ya vigae vilivyovunjika.

"Huyo ni Mzee Okumu," akasema. "Ndiye aliyenifundisha hii kazi. Aliangukiwa na mzigo kama huu, kwenye lori langu, akafa. Mimi ndiye niliyekuwa namharakisha."

Miaka yote tangu kifo hicho, Kyalo hakuwahi kukanyaga kwa mjane wa mzee, Kariobangi. Alikuwa akizunguka barabara nyingine asipite mlangoni pake. Jumapili iliyofuata akatuomba tumsindikize, na njiani alisimama mara mbili akitaka kurudi.

Mama yule alitusikiliza mpaka mwisho. Kyalo alipokiri, hakumfokea. Alinigeukia mimi, akauliza, "Alionekana amechoka?"

"Hapana, mama. Alikuwa mtulivu."

Akacheka kidogo huku anafuta macho. "Basi kaeni mle. Na wewe Kyalo, umechelewa sana kuja, lakini umekuja."

Siku hizi Kyalo ndiye humpeleka kanisani. Mimi ndiye msimamizi wa wapakuaji pale godauni, na tangu siku ile hakuna aliyetoka kazini amebebwa. Wageni wananiita mwoga kwa wiki ya kwanza, halafu wanaacha. Yule mzee sijamwona tena, ingawa kuna asubuhi za ukungu ninapomwamkia kwa sauti ndogo, endapo yuko.

Kwa hivyo nakuonya, wewe unayefanya kazi ya mizigo. Usimharakishe mwenzako afungue mlango ambao wewe mwenyewe husimami mbele yake. Mzee Okumu aliruhusiwa kurudi mara moja, kwa ajili yetu. Sijui kama kuna atakayeruhusiwa kurudi kwa ajili yako.