Gari Lenye Mapaa Mawili

Mume wangu alipenda vitu viwili bila kuficha: Sabato na gari lake. Mimi nilikuja wa tatu, na sikununa, maana gari lile lilistahili kupendwa. Lilikuwa pikapu kuukuu ambayo Mzungu mmoja mpima ardhi aliijengea chumba cha mbao kwa nyuma, akaweka kitanda, kabati, jiko la mafuta ya taa na kidirisha chenye pazia la maua. Ukuta wa nyuma ya dereva aliuondoa, ili atoke kwenye usukani mpaka kitandani bila kukanyaga chini. Juu akaezeka bati moja refu, kutoka kichwani kwa dereva moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Uhuru ulipokuja akarudi kwao, na gari akaliacha kwa fundi aliyekuwa akilitengeneza. Fundi huyo ndiye mume wangu. Alilipaka rangi, akalipaka tena, na siku ya mvua alikuwa akitoka nje kuangalia kama bati linavuja. Halikuwahi kuvuja.

Mwaka wa pili au wa tatu wa Uhuru, mavuno yamekwisha na mvua za vuli hazijaanza, akaamua twende kutembea kama Wazungu. Maana yake ni kwenda bila harusi, bila matanga, bila mgonjwa wa kutazamwa. Majirani zetu wa Homa Bay waliuliza tunakwenda kuangalia nini. Akawaambia tunakwenda kuangalia makorongo. Wakaniangalia mimi kwa huruma.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nilikuwa nimebeba mbili kabla ya hiyo, na zote mbili zilitoka katika mwezi huohuo wa saba. Kila mtu aliniambia nibaki kitandani. Lakini zile mbili za kwanza nilizilalia kitandani kama kuku anayeatamia mayai na hazikukaa, kwa hiyo mara hii nikasema nakwenda. Nilisema hivyo kwa kiburi. Ndani nilikuwa naogopa mpaka nikikohoa nashika tumbo.

Tulianzia kwao, milimani nyuma ya Isebania, kwa sababu yeye ni Mkuria. Tukalala humo garini kwenye makorongo makavu upande wa Migori, mahali ambapo maji yamechimba ardhi ikabaki kuta nyekundu mbili zinazotazamana. Mchana kulikuwa na joto la kuoka mkate. Jioni kuta zilibadilika rangi, na yeye akakaa mlangoni na kikombe chake, akasema, "Unaona? Mzungu hakuwa mjinga." Nilifurahi, nakiri. Sijawahi kuishi mahali pengine ambapo hapakuwa na mtu wa kubisha hodi.

Kisha tukapitia Karungu kumchukua mama yangu. Macho yalikuwa yanamsumbua, tukataka daktari wa Homa Bay amwone, na huko angekaa kwa kaka yake. Kwangu asingeweza kulala. Kwetu Waluo mzazi halali katika nyumba ya binti yake aliyeolewa, wala hawezi kuwa chini ya paa moja na mkwe wake usiku. Ni mwiko, na wenyewe tunauita kwer. Anayeuvunja hufuatwa na chira, laana ya mwiko, na chira haimshiki aliyekosa peke yake. Hushika watoto, hasa wale ambao bado hawajazaliwa.

Mama alikuja na kigoda chake. Alikiweka sakafuni, akaketi akikipa mgongo kitanda chetu, hata kukigusa hakukigusa. Mchana gari ni gari, mtu anapanda tu. Yeye na mume wangu hawakuwa wamewahi kuzungumza ana kwa ana. Hiyo ni heshima ya mkwe, na kwa Wakuria iko vilevile, lakini kwao wawili heshima iliwafaa sana kwa sababu mama hakutaka niolewe huko. Basi maneno yao yote yalipita kwangu. Mume wangu alikuwa anaelewa Kijaluo vizuri, na mama aliuza samaki Isebania miaka mingi kwa Kiswahili. Kila mmoja alimsikia mwenzake, akaningoja mimi nirudie.

Njia fupi ilipita bonde la Lambwe. Watu walikuwa wamelihama kwa ajili ya mbung'o na malale, na serikali ilikuwa imelitenga kwa wanyama. Tulifunga vioo vyote, tukapita katikati ya nyasi zilizokauka, kushoto milima ya Gwassi, kulia ukuta wa Kanyamwa umesimama kama mtu aliyekataa kuondoka. Jasho lilitutiririka. Kila tulipotikisika mama alinitazama tumboni.

Jua likiwa limeanza kushuka tukaingia kwenye korongo la mto mkavu, na katikati ya mchanga gari likatoa mlio mmoja mbaya, likasimama. Mume wangu akalala chini ya gari. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

"Ekseli imevunjika," akasema. "Hapa tutalala. Asubuhi lori ya serikali lazima itapita."

Kwenye mchanga palikuwa na nyayo za nyati, nyingi, mpya, na kando yake nyayo nyingine za duara, laini, zisizo na kucha. Sikuuliza ni za nani. Mimi ni mtoto wa ziwani lakini chui namjua.

Nikafanya ambacho mwanamke hufanya akiogopa: nikawasha jiko ndani ya gari, nikapika chai. Nikampelekea mama kikombe pale nje alipokuwa amekaa kwenye kigoda. Akanywa kidogo. Kisha akageuza kichwa, akaona moshi wa jiko unatoka kidirishani kwenye pazia la maua. Akaweka kikombe chini.

"Nyara," akaniita, binti yangu. "Mlilala humo na mumeo?"

"Ndiyo, mama. Tangu Isebania."

"Na mnapika humo?"

Nikageuka kuutazama moshi.

"Basi hiyo ni nyumba yako. Leteni blanketi langu. Mimi nitalala hapa."

Mume wangu alisikia. Akaja, akasimama akinitazama mimi, maana mama hatazamwi.

"Ambia mama hii si nyumba. Hii ni gari. Iko na namba mbele, iko na namba nyuma. Nyumba gani iko na namba?"

Nikarudia.

"Muulize," mama akasema, "ni gari gani lina kitanda na jiko?"

Nikarudia hilo pia.

"Basi yeye alale ndani na wewe," mume wangu akasema. " Mimi nilale nje."

"Mwambie chui akimla, mtoto huyu atalelewa na nani? Na mwambie asithubutu kulala chini ya gari nikiwa juu yake. Juu ya paa ndiyo hata asilitaje."

"Basi nitakaa huku mbele, kwa usukani! Sitageuka nyuma hata kidogo!"

"Paa ni moja," mama akasema.

Mume wangu akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mambo ya kwenu haya," akaniambia. "Watu wanataka kufa kwa sababu ya bati." Alikulia misheni ya Wasabato, akafundishwa kwamba haya yote ni giza, na alipenda kusema hivyo watu wakiwapo. Jioni ile maneno yalimtoka, lakini niliona macho yake yanarudi kwenye zile nyayo, na kutoka kwenye nyayo kwa mama, na kutoka kwa mama tumboni kwangu.

Mimi nilipandwa na hasira. Nilimwambia mama kwamba zile mbili za kwanza zilitoka na hakuna mwiko tuliovunja, sasa chira ya mimba zile ilitoka wapi? Sijawahi kumpigia mama kelele kabla ya siku ile. Nikamgeukia mume wangu, nikamwambia yeye na gari lake na makorongo yake, mtu mwenye akili atamleta nani hapa? Nilikuwa napiga kelele huku na huku kama mlango uliokosa komeo, na hapohapo tumbo likanikaza. Likaniachia. Likakaza tena, kutoka mgongoni kuja mbele. Niliyajua maumivu yale. Yalikuwa yamekuja mara mbili kabla, na kila mara yalianza hivyohivyo, taratibu.

Nikashika mlango wa gari. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mama aliniona, mume wangu aliniona. Mama alikuwa na hakika kwamba ni mwiko ule tayari umeanza kunifuata. Mume wangu alikuwa na hakika kwamba ni ugomvi na mtikisiko wa njia. Mimi sikuwa na hakika ya lolote. Nilitaka tu mtoto akae.

Kutoka nyasini, upande tuliotoka, tukasikia kitu kizito kikipumua. Nyati walikuwa wanashuka.

"Mama, ingia," nikasema. "Nakuomba."

"Nikiingia na huyu mtoto akatoka," akanijibu polepole, "utanitazama vipi maisha yako yote?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anakataa kwa ajili yake. Chui hakuwa kitu kwake. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda akiwa tayari kuliwa, ili asije akawa yeye aliyemuua mjukuu wake.

Mume wangu akaenda nyuma ya gari. Kisha akafungua sanduku la vyombo, akatoa msumeno wa chuma, patasi na nyundo, akapanda kwenye gurudumu. Nilidhani ameona jambo la kutengeneza. Akaweka msumeno kwenye bati, pale mgongo wa kiti cha dereva unapokutana na chumba, akaanza kukata.

Sauti ile ilinipasua meno. Nikamwita, hakuitika. Gari aliloliosha kila Ijumaa mchana, bati ambalo halikuwahi kuingiza tone, alilikata kwa mikono miwili huku akitoa pumzi kama anayelima. Giza lilikuwa linaingia, na msumeno ulianza kuteleza kwa sababu haoni.

Mama akainuka. Akaiwasha taa ya kandili, akaenda mpaka kwenye gurudumu, akainyanyua juu kadiri mkono wake ulivyofika. Uso aliugeuzia kando, akitazama gizani, kama inavyotakiwa. Akasimama hivyo, mgonjwa wa macho, akimmulikia mkwe asiyemtazama.

Mume wangu akakata mpaka upande wa pili. Kisha akapiga patasi, akakunja kingo, nafasi ikafunguka ya kupitisha mkono. Nyota ya kwanza nikaiona kupitia humo. Akatundika turubai kati ya kiti na chumba likawa ukuta. Jiko akalitoa, akalitupa mchangani, pasiwe tena nyumba yangu.

"Ambia mama," akasema akihema, "sasa paa ni mbili. Huku kwangu. Huko kwenu." Akatazama sakafu. "Chini ndiyo imeshikana. Chini siwezi kukata."

Nikamgeukia mama nirudie. Lakini mama alikuwa ameshajibu, kwa Kiswahili chake cha soko, macho bado yako kando:

"Chini ni sawa, baba. Hata nyumba zingine zote chini ni moja."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la mama kwa mume wangu tangu niolewe.

Tulilala sakafuni, mama na mimi, kitanda kikabaki kitupu juu yetu. Mkono wake ulikuwa tumboni kwangu. Nyati walipita karibu sana, mmoja akajisugua kwenye gari likayumba, na nyuma ya turubai nikamsikia mume wangu anaomba kwa Kikuria, lugha ambayo misheni haikuwa imemfundisha kuombea. Maumivu yalikuja, yakawa ya nadra, yakaacha. Kulipokucha lori la serikali likatukuta, likatuvuta mpaka Homa Bay.

Mtoto alizaliwa mwezi wake ulipotimia, msichana, mwenye sauti. Ni paa lililomwokoa, au ni kulala chini kwa utulivu mkono wa mama ukiwa juu yangu, sijui, na nimeacha kujiuliza.

Watu wa Homa Bay waliuliza gari limepatwa na nini. Mume wangu akawaambia tawi la mti. Kwa kila mtu ilikuwa tawi la mti, hata kanisani, mtu ambaye hasemi uongo. Hakutaka mtu yeyote amcheke mama.

Na paa hakuliunga. Mvua ikinyesha alitandika turubai, maji yakaingia vilevile, godoro likanuka ukungu, pazia la maua likaoza. Yeye ni fundi, kazi ile ilikuwa ya saa moja. Nilimlalamikia mwaka mmoja baada ya mwingine. Kila mara alinijibu kitu kilekile: "Mama bado anaweza kutaka kusafiri."

Mama hakusafiri tena na gari lile. Macho yalipona, akarudi Karungu kwa samaki wake, na akifika Homa Bay alikuja kwa basi, akashinda kwetu, akalala kwa kaka yake. Binti yetu alikuwa ameanza shule tulipomzika mama.

Tuliporudi kutoka matangani mume wangu hakuingia ndani. Nikasikia nyundo uani. Nilipotoka nikamkuta amesimama kwenye gurudumu, na kipande cha bati kipya, na misumari ya ribiti mdomoni, analiunga paa. Alikuwa analia waziwazi, na giza lilikuwa linaingia, mkono wake ukawa unakosa.

Nikaenda kuchukua taa, nikamshikia.