Asidi Kwanza, Alisema Festo

Siku ninayoikumbuka kila ninaponawa uso, mwanangu, ilikuwa ya likizo, jua la asubuhi likiwaka juu ya kijiji chetu cha Lanet, nami nina macho mawili. Usiharakishe kunihurumia. Nimeshajihurumia kiasi cha kututosha sote. Kilichobaki ni maneno, tena ya hakika.

Miaka hiyo ya hamsini, kijana wetu aliyefika sekondari alikuwa kama mvua ya Januari: kila mtu anamtazama. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na nilitaka chuo cha waganga wa hospitali. Bila kemia huko huingii. Shuleni vifaa vilikuwa vichache, basi likizo ikifika tulisoma kwa Festo, nyumbani kwake. Siku hizi mnaita tuisheni. Sisi tulisema tu, "Naenda kwa Festo."

Jina lake nalitaja makusudi. Festo alikuwa mpimaji wa maziwa katika kiwanda cha siagi cha mzungu mmoja. Kazi yake ilikuwa kujua maziwa ya kila shamba yana mafuta kiasi gani, na aliijua, sitamnyima haki yake. Alitia asidi kali kwanza katika chupa nyembamba, kisha akateremsha maziwa polepole ubavuni mwa chupa, akafunga kizibo, akatikisa. Asidi inakula yote, mafuta yanabaki juu. Hivyo ndivyo maziwa yalivyopimwa, na mzungu alimsifu. Lakini sifa ni kama pombe ya asali, ukiizoea hutaki tena maji.

Asubuhi hiyo tulisimama jikoni kwake. Alisema tutapunguza ukali wa asidi kwa maji. Akamimina nusu glasi ya asidi aliyoitoa kiwandani, akanipa mimi kikombe cha maji.

Kipruto, niliyesoma naye darasa moja, akainua mkono. "Mwalimu, shuleni tuliambiwa asidi ndiyo huingia kwa maji. Maji hayaingii kwa asidi."

"Nani alikuambia?"

"Mwalimu wetu."

"Huyo mwalimu wenu amepima maziwa ya nani?" Tukacheka, maana Festo alijua kuchekesha. "Mimi nimeshika asidi kabla wewe hujajua kufunga suruali. Asidi kwanza! Kama unaogopa, nenda ukachunge mbuzi. Na wewe, inama uone vizuri, mimina. Mbona unashika kikombe kama bibi harusi?"

Kipruto akarudi nyuma. Mimi nikamimina.

Umewahi kuona mafuta ya moto yakiingiwa na maji? Basi. Asidi ilichemka papo hapo, ikanirukia usoni. Kipruto ndiye aliyenivuta mpaka kwenye pipa la maji ya mvua, akanizamisha uso tena na tena. Jicho la kulia lilipona kwa sababu yake. La kushoto lilikwenda, na chuo kikaenda nalo, maana hakikupokea mwenye jicho moja.

Wa pili ninayemtaja ni baba mkubwa, Barnaba, mzee wa kanisa. Alikuja hospitali, akaomba sala ndefu, kisha akaniinamia. "Sema ulianguka jikoni. Festo ni mtu wetu. Tukimwaibisha, nani atafundisha watoto?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naongeza, mficha kidonda humwachia jirani usaha.

Maana likizo iliyofuata nilisikia Festo amepata wanafunzi wapya, na mmoja wao ni Raheli, binti ya huyo huyo Barnaba. Nilikwenda na kitambaa kikiniziba jicho. Nikakuta glasi ile ile mezani, asidi imo nusu, na Raheli ameshika kikombe cha maji. Nikakichukua mkononi mwake.

"Mwalimu," nikasema, "leo mimina wewe."

"Kaa chini, kijana. Wewe bado mgonjwa."

"Nitakaa. Lakini kwanza inama juu ya hiyo glasi, kama ulivyoniambia mimi, umimine."

Festo akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akapokea kikombe, akakitazama, akatazama kitambaa changu, akakiweka chini. Akasema maji yale si safi.

Raheli akafunga kitabu chake. "Lakini baba alisema ulianguka jikoni."

"Jiko lenyewe ndilo hili."

Wanafunzi wakaondoka wote.

Sikukatazi tuisheni, mwanangu. Nenda, usome mpaka ufike pale nilipozuiwa. Lakini mtu kujua kazi moja si kujua zote, na mkono uliozoea hupeleka mazoea yake hata yasipofaa. Kuuliza si ujinga. Akikucheka, uliza tena. Akikukaripia, rudi nyuma kama Kipruto, wala usione haya. Na mwalimu asipotia mkono wake kwanza, wako utie mfukoni. Asidi huingia majini, polepole, kama unga wa ugali unavyofuata maji sufuriani.

Mungu akulindie macho yote mawili. Uzeeke nayo, yachoke kwa kusoma, yasichoke kwa kulia.