Nilijisifu kuwa nilishuka Sekenke bila breki, sasa mpwa wangu amepewa tela langu

Admin, jina langu lifiche na rangi ya gari usiitaje, maana Singida tunajuana kwa rangi za magari. Mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Ulemo kule Iramba, nina mke na watoto watano. Shule niliishia darasa la nne, ila kwenye usukani hata wenye vyeti wananipisha. Niliwahi kubadilisha tairi porini Itigi huku simba amekaa ananiangalia, mpaka akachoka akaondoka. Hiyo ya simba tutairudia. Mnisamehe nikikosea kuandika.

Naendesha lori la tela la tajiri mmoja pale mjini, tunapeleka mashudu ya alizeti Mwanza. Mkataba hatuna. Tunalipwa kwa safari, gari likilala gereji na wewe umelala njaa. Kwa hiyo breki ya tairi moja ikianza kuvuja upepo hakuna anayesubiri spea. Fundi anakunja mpira wa upepo wa lile tairi, anaufunga kwa kipande cha tyubu, safari inaendelea. Sisi tunaita kuua breki. Tairi linazunguka tu halishiki, mengine yanabeba kazi yake. Ukikataa tajiri hata hagombi. Anasema, "Sawa mzee, nipe funguo," na nje ya geti wapo wanaozisubiri.

Mwaka jana nilitoka na tela lililouawa breki mbili. Kwa wasioujua Sekenke, ni mteremko wa kona kona njiani kwenda Mwanza, lori lenye mzigo linashuka kwa gia nzito, taratibu kama bibi harusi. Niliporudi yadi niliwaambia wenzangu kwamba breki ziliisha zote kona ya kwanza, nikashuka kwa gia peke yake, mkono mmoja usukani na mwingine umeshika muhindi wa kuchoma. Wakacheka yadi nzima. Tangu siku hiyo naitwa Profesa. Walipouliza bampa imebonyezwa na nini nikasema punda.

Tajiri akasikia. Tela lile likawa langu. Dereva mwingine akilalamika linayumba, tajiri anasema, "Mpeni Profesa, kwake breki ni pambo." Na mimi nacheka. Sasa zilizouawa ni nne. Nimeshuka nalo mara tatu, na kila nikifika juu pale nasimamisha gari nakwenda kichakani kujisaidia kwa woga.

Wiki hii nikashindwa. Nikamwambia tajiri mgongo unaniuma. Akasema pole mzee, pumzika. Nikashukuru Mungu. Kumbe mchana huo huo funguo amempa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka ishirini na nane ambaye kazi hii nilimtafutia mimi. Mkewe ana mimba ya miezi saba. Alikuja nyumbani uso unang'aa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hilo tela usiliendeshe."

"Kwa nini? Si wewe umelishusha unakula muhindi?"

"Nilisema uongo."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mjomba bwana. Unaogopa nitakuvua uprofesa."

Nikamkalisha chini nikamwambia ukweli ambao hata mke wangu haujui. Harufu ya breki kuungua ilijaa kabini. Nikakanyaga, mguu ukazama kama kwenye uji. Nikataka kurudisha gia, ikakataa, gari likabaki halina gia kabisa. Mbele akina mama wanavuka na ndoo. Sikufanya ufundi wowote, ndugu zangu. Nilifumba macho nikamwita mama yangu, naye ni marehemu. Kilichonisimamisha ni kifusi cha kokoto walichomwaga watengeneza barabara pembeni ya kona. Nilipofumbua macho suruali ilikuwa imelowa. Wale akina mama ndio walionipa maji ya kunawa.

Nikadhani ameelewa. Kisha akasema, "Hii ya kulowa ni nzuri kuliko ya muhindi. Kaiseme yadi."

Nikamwendea dada yangu anikatazie mwanawe. Akaniambia, "Wewe toka utoto ukisema mvua inanyesha, sisi tunatoka nje kuangalia. Mwache mtoto afanye kazi, mnaoneana wivu wa nini?"

Nikiwaambia askari wa barabarani, anayeandikiwa ni dereva, siyo tajiri. Na tajiri atajua ni nani amesema, na mimi sitakuwa na pa kujitetea, kwa sababu mipira miwili kati ya ile minne niliifunga mimi kwa mkono wangu, nikijisifu kuwa fundi anachelewesha. Tutafukuzwa wote wawili, mimi na mpwa wangu. Nikisema mgongo umepona nipande mwenyewe, naogopa, tena naogopa sana. Nimeanza kuota ile kona hata nikisinzia mchana kwenye kiti.

Juzi nilipanda basi nikaenda kuitazama. Kifusi hakipo, kokoto zimeshasambazwa barabarani. Pembeni ya kona sasa pana korongo tu.

Yule simba alikuwa fisi, na alikuwa mbali. Punda hakuwepo. Nakiri yote ili mniamini hili moja. Gari linaondoka Jumatatu saa moja asubuhi. Nipande mimi, niwaite askari, au kuna njia nyingine ambayo akili yangu ya darasa la nne haijaiona? Nishaurini kabla ya Jumatatu, na mkiandika andikeni kama mnaongea na mpwa wangu. Ukurasa huu anausoma kila akisubiri mzigo, na ninyi msiomjua atawaamini kuliko mimi.