Mke Niliyemrudisha Kambini

Siku niliyoanza kazi, Meja aliyekuwa mkuu wa kambi alinionyesha meza katika chumba kilichokuwa stoo ya buti, akaniambia, "Bi Mwanaidi, askari ambaye nyumba yake inawaka moto halengi shabaha. Kazi yako ni kuuzima."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, na kambi yetu ndogo ilikuwa nje kidogo ya Msambweni. Cheo changu kiliitwa msaidizi wa ustawi. Nilizunguka laini, yaani nyumba za askari wenye familia, nikiuliza habari za watoto na wagonjwa. Palipokuwa na ugomvi nilitafuta suluhu. Mume na mke waliketi mbele ya Meja, mume akaahidi, mke akasamehe, na jalada likafungwa. Nilifunga mengi, nikasifiwa. Hakuna aliyenifundisha kumuuliza mtoto.

Katika laini hizo alikaa koplo mmoja kutoka bara na mkewe Mejumaa, mzaliwa wa Shimoni. Binti yao Saumu alikuwa na miaka sita. Dresa wa zahanati, yule aliyefunga vidonda, alinivuta kando siku moja.

"Mkono wa mtoto huyu umevunjika mara mbili," alisema. "Mara zote mbili naambiwa ameanguka ngazini. Nyumba zile hazina ngazi."

Niliandika maneno yake katika ripoti. Meja aliisoma, akaiweka chini ya karatasi nyingine. Wiki iliyofuata Mejumaa alimchukua Saumu akakimbilia kwa mamake.

Meja aliniita. "Nikipeleka askari, kijiji kizima kitajua. Wewe ni mtu wa huku. Kamrudishe. Koplo ameahidi, na ametia sahihi."

Ningeweza kukataa. Nilipanda gari la kambi hadi Shimoni.

Mamake Mejumaa, Bi Mishi, nilimkuta akipara samaki uani. Nilimwamkia shikamoo, nikauliza hali ya kila mtu wa nyumba ile, mmoja mmoja, kama nilivyolelewa. Alinawa mikono akanitandikia mkeka. Nilizungumza saa nzima juu ya subira na sitara ya ndoa. Saumu alikaa nyuma ya mamake, hakunitazama.

"Umemwona huyo mume akibadilika?" Bi Mishi aliniuliza.

"Nimemwona," nilisema. Nilikuwa nimeona sahihi tu.

Walirudi nami siku hiyohiyo. Haukupita mwezi, koplo alimpiga Saumu kofi kwa sababu ya uji uliomwagika. Sikio la kushoto halikusikia tena. Mejumaa alirudi kwao na mtoto, na safari hii hakuna aliyetumwa kumfuata. Koplo alihamishwa kambi. Nilipomuuliza Meja kama atashtakiwa, alijibu, "Amehamishwa. Funga jalada."

Nililifunga.

Nilikwenda Shimoni kuomba radhi. Mejumaa hakutoka chumbani. Bi Mishi alinipa kiti.

"Wangekuja askari na bunduki zao, nisingewapa mwanangu," alisema. "Nilikupa wewe kwa sababu ulitusalimia vizuri."

Niliinuka, nikaaga.

Baadaye nilihamishiwa Kwale, kisha Diani, chini ya wakuu wengine. Huko nilimuuliza mtoto kwanza, peke yake, na sikumrudisha mke ambaye hakutaka kurudi. Mkuu mmoja aliandika kwamba sina bidii ya suluhu, na kupanda kwangu cheo kukakoma hapo. Watoto kadhaa walinusurika katika miaka hiyo. Nashukuru, lakini hesabu ya mema haifuti jina la Saumu.

Sasa nimestaafu, na vijana wa ustawi huja nyumbani kuniuliza siri ya kupendwa na watu. Nawaambia kupendwa ni rahisi. Nawaambia waiogope ile saa ambapo mama anawaamini, kwa kuwa mimi niliitumia saa hiyo kumfanyia Meja kazi yake.