Mtambo Mdogo na Mguu Wangu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokuwa msichana kule Pinga, nilikwenda msituni kuokota kuni, waya ukaninasa mguu. Ulikuwa mtego wa panya tu. Mwenye mtego, kijana wa jirani, hakuwa amewatangazia watu njia aliyotega, ingawa kwetu kila mtegaji hutangaza. Alileta kuku wa kuniomba radhi, tukamla, tukacheka.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mvua zilipoanza, kidonda kikafumuka, kikala hadi mfupa. Babu yangu akamwita yule kijana.

“Papa, mutego yangu iko kadogo,” akasema. “Na kuku nilitoa. Maneno iliisha.”

Babu akasimama. “Kuku ilikuwa ya siku moja. Muguu iko ya maisha yote. Tunapima kidonda, hatupimi mutego!”

Basi kijana akanilimia shamba la muhogo mpaka nilipoolewa huku Muheto. Hakuwa mtu mbaya, masikini. Alidhani udogo wa waya ungemtetea.

Nakueleza haya kwa sababu tangu jana sikai nikatulia. Kijiji kimekuchagua wewe, na kesho unakwenda kutia sahihi ili ule mtambo mdogo wa umeme wa nyuklia ujengwe juu ya chemchemi yetu. Umenisomea masharti: kwa kuwa mtambo ni mdogo, fidia nayo iwe ndogo, na atakayeugua adai ndani ya miaka michache, baada ya hapo asisikilizwe. Nikakuuliza, na wenye mtambo wakihama je? Ukanijibu, “Mama, hii iko ya kisasa.” Kisasa! Umeme nautaka, moshi wa taa ya mafuta umenichosha macho. Lakini naogopa, wala sioni haya kusema.

Kwa hiyo nisikilize. Usitie sahihi mpaka waseme mbele ya watu ni nani atakayewajibika tukidhurika, hata akishauza mtambo wake. Fidia ifuate madhara, si udogo wa chuma, na pesa yake iwekwe kando kabla mtambo haujawashwa. Na ugonjwa unaochelewa wausubiri, kama mguu wangu ulivyosubiriwa. Wakikataa, rudi na kalamu yako mfukoni; hapa nyumbani hakuna atakayekucheka.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Awape wajukuu zangu taa ya kusomea na maji safi ya kunywa, na wewe uufikie uzee ukitembea bila fimbo kama hii yangu.